Mpangusa Nyota

Ukitaka kumjua bwana huyu, anza na kazi yake, maana hata yeye alijijulia hapo. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa mbele ya kompyuta kwenye taasisi ya anga, akisafisha picha zinazotumwa na darubini zilizoko huko juu. Picha ikifika huwa imejaa vinukta vyeupe: mionzi ya angani huipiga kamera ikaacha alama ambayo si nyota wala si chochote. Kazi yake ilikuwa kuvifuta. Kanuni ni nyepesi. Sehemu moja ya anga hupigwa picha mara nyingi, na nukta inayotokea kwenye moja tu, ikakosekana kwenye nyingine zote, ni uchafu. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno, mpaka mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti aliyeitwa Cheche, akambandika jina la Mpangusa Nyota. "Wenzako wanapangusa meza, wewe unapangusa mbingu," alimtania, na mama yao akavunjika mbavu.

Basi Cheche akaanza kukohoa. Hospitali ya karibu ikampiga eksirei ya kifua, ile ya filamu ya kizamani, nayo ikatoka na mikwaruzo na vumbi. Daktari bingwa alikuwa mji mwingine, akataka atumiwe kwa kompyuta. Cheche akampelekea kaka yake.

"Kaka, mtaalamu ni wewe. Ning'arishie kidogo, nisionekane mchafu mbele ya daktari."

Kaka mtu akaipitisha kwenye skana, akaketi, akafuta mikwaruzo, akafuta vumbi, na chini ya ubavu wa tatu akafuta nukta moja ndogo ya kijivu. Dakika ishirini, kazi kwisha. Daktari akajibu kwamba mapafu ni safi, na wote wakashusha pumzi.

Hakuwa na filamu ya pili ya kulinganisha. Hilo hakuliwaza, nami siwezi kumtetea, maana yeye kuliko watu wote ndiye aliyepaswa kuliwaza.

Kikohozi kikazidi, na miezi tisa baadaye walikwenda wenyewe kwa yule daktari bingwa, filamu wakiwa nayo. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa ngumi na kuingia kwenye mifupa. Usiku huo kaka mtu hakulala. Asubuhi akaitoa filamu kwenye bahasha, akaiinua dirishani, na nukta ilikuwepo pale pale. Akakaa sakafuni. Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuhamia kwa mdogo wake, kwenye chumba nyuma ya karakana, akawa anamlisha, anamwogesha na kumgeuza kitandani ngozi isichubuke. Majirani wakamsifu kwamba ndugu wa namna hii hapatikani siku hizi, na kila sifa ilimchoma.

Mwezi wa nne wa kuuguza, mchana mmoja, Cheche akasema, "Haya, nipe habari za huko juu."

"Kuna vinukta vyekundu. Darubini mpya inavikuta karibu kila inakotazama. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili mpaka kutufikia. Wengine wanasema ndani yake mna mashimo meusi, wengine wanabisha."

"Na zile galaksi ulizonisimulia?"

"Nazo zinawatoa jasho. Za mwanzo mwanzo kabisa, lakini wanazikuta zimeshakua. Ni kama kumkuta mtoto wa juzi ana ndevu."

Cheche akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kitambaa kikapata damu. Alipotulia akauliza, "Hivyo vinukta, darubini ya zamani haikuviona?"

"Vichache iliviona. Vilikuwa hafifu, watu wakavipita tu."

"Wakavifuta?" Alimtazama kaka yake usoni.

"Hapana. Wao hawakufuta. Cheche, ile eksirei yako... ilikuwa na nukta, nilidhani ni vumbi. Mimi ndiye niliyeifuta."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ile tulipokwenda kwake, daktari aliilinganisha filamu na picha uliyomtumia. Wewe ulikuwa nje, unanitafutia kiti cha magurudumu. Nikamwomba anyamaze."

"Miezi yote hii! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekimbia kwa aibu. Nakujua tangu utotoni. Halafu nani angenihudumia, mama na mgongo wake ule?"

Kaka mtu akaporomoka kando ya kitanda, akalia kwa sauti, akiomba radhi kwa maneno yasiyokamilika. Cheche akamwacha alie mpaka akaishiwa.

"Sijakusamehe, kaka. Nimejaribu, haiji. Naona nitakufa kabla haijaja. Ila mama usimwambie kamwe, atabaki na wewe peke yako." Akafumba macho. "Sasa nigeuze. Nataka kutazama ukutani."

Akampitishia mikono chini ya mabega na kiuno, taratibu kama alivyozoea, akamgeuza.