Amechukuliwa na Nani

Rahabu alikuwa nyuma ya nyumba akipura alizeti na mama yake, Jumamosi mchana, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Akafuta vumbi mikononi, akaitazama. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Mwalimu Calist, aliyemfundisha Kiingereza sekondari, na ambaye sasa alikuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa lao, nje kidogo ya Mtinko.

"Rahabu, nisamehe," aliandika. "Sikuisoma mpaka mwisho."

Akafungua kundi la WhatsApp la kanisa, akaelewa. Mwalimu Calist alikuwa ameiona insha yake ya Kiingereza kwenye ukurasa wa chuo, akafurahi kama mtu aliyeona jina la mwanawe gazetini, akaiweka kundini: "Binti wa mwinjilisti wetu ameandika kuhusu mahubiri ya baba yake. Tumpongeze." Zikaja pongezi kumi na nne. Kisha mtu mmoja akaipitisha insha kwenye tafsiri ya simu na kubandika aya moja kwa Kiswahili cha kuungaunga. Baada ya hapo hakuna aliyepongeza tena.

"Kuna nini?" mama yake, Felista, akauliza.

"Mambo ya chuo, mama."

Felista alimwangalia kidogo, halafu akarudi kupiga alizeti kwa fimbo, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Rahabu alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisoma fasihi ya Kiingereza na masomo ya dini kwa pamoja. Nyumbani watu walikuwa wamechoka kumuuliza mchanganyiko huo utamfanya nani. Kwa dini peke yake wangemwelewa, na kwa Kiingereza peke yake pia. Yeye mwenyewe mwanzoni alikwenda darasa moja kama mtu na darasa lingine kama mtu mwingine. Kwenye fasihi walimfundisha kuiuliza kila sentensi: nani anatenda, nani anatendwa, nani amefichwa? Kwenye dini alikaa kimya na kuandika alichoambiwa. Mpaka mhadhiri wake, Dakta Eliana, alipowataka wachukue maneno ya ibada ya watu wanaowajua na kuyasoma kwa makini yaleyale wanayosomea mashairi.

Wenzake walichukua nyimbo za kwaya. Rahabu alichukua mahubiri ambayo baba yake, Mwinjilisti Ezekieli, aliyatoa Januari ya mwaka uliopita kwenye maziko ya Benson, mdogo wake Rahabu, aliyefukiwa na kisima alichokuwa akikichimba uani. Binamu yao alikuwa ameyarekodi kwa simu. Dakika ishirini na mbili. Rahabu aliyasikiliza chumbani kwake bwenini kwa wiki tatu, huku ameziba masikio kwa spika ndogo za masikioni, wakati mwingine akilia, wakati mwingine akihesabu vitenzi.

Na alikuwa amegundua jambo. Kwenye misiba ya watu wengine baba yake alisema siku zote, "Mungu amemchukua." Siku ya Benson hakusema hivyo hata mara moja. Alisema amechukuliwa. Ameondolewa. Amepumzishwa. Dakika ishirini na mbili, na aliyemchukua Benson hakutajwa.

Insha ilipata alama ya juu kabisa. Hakuwahi kufikiri kwamba ingefika Mtinko.

Baba yake alirudi saa kumi, akaegemeza baiskeli ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akavua kofia. "Mzee Melkizedeki amenipigia. Baraza linakaa kesho baada ya ibada. Mimi nimeitwa, na wewe umeitwa."

"Baba, acha nikuambie nilichoandika. Sasa hivi, kabla ya—"

"Hapana." Hakupaza sauti. "Nikisikia leo, kesho watasema tumepanga maneno nyumbani. Nitasikia nao."

"Hutapenda."

"Basi sitapenda nikiwa pale."

Jumapili asubuhi baba hakupanda mimbarani. Alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti, na mzee mmoja wa kanisa akasoma mahubiri ya kitabuni kwa sauti ya mtu anayeharakisha.

Baraza lilikaa kwenye chumba kidogo kando ya kanisa. Walikuwa wazee tisa. Mwenyekiti, Mzee Melkizedeki, alikuwa mtu mrefu aliyewahi kuwa karani wa mahakama, na bado aliuliza maswali kama aliyesimama kizimbani ni mwongo. Mwalimu Calist alikaa pembeni yake na daftari. Felista naye alikuwa mjumbe, kwa kuwa aliongoza umoja wa wanawake. Alikaa karibu na mlango, kitenge amekiminya mapajani. Rahabu aliwaamkia wote, akaambiwa asimame.

"Binti," Melkizedeki akaanza, "hatukukuita kukuonea. Baba yako anatuhubiria mwaka wa kumi na saba huu. Anazika watoto wetu. Sasa simu inatuambia wewe umeandika kwamba baba yako hamwamini Mungu anayemhubiri. Kama ni kweli, tunataka kujua tumezikiwa watoto na nani. Kama ni uongo, utafuta. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hiyo karatasi unayo?"

Alikuwa nayo. Akaikunjua.

"Soma ile aya. Kwa Kiswahili. Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye utakayetafsiri."

Rahabu akatazama maneno yake mwenyewe. Bwenini yalikuwa yamemfurahisha. Hapa, mbele ya watu waliomlisha alipokuwa mdogo, yalikuwa kama kitu alichomwibia mtu. Akaanza polepole. "Mhubiri, ambaye pia ni baba wa marehemu, anaepuka kumtaja mtendaji. Kila kitenzi kinachohusu kifo cha kijana kimegeuzwa kuwa cha kutendwa. Kijana amechukuliwa, ameondolewa, amepumzishwa." Akageuza ukurasa. "Mhubiri hawezi tena kumshukuru Mungu, wala hawezi kumlaumu."

Mtu mmoja akaguna. Melkizedeki akainua mkono. "Endelea. Kuna sentensi moja imebaki."

Ilikuwa imebaki moja, na ndiyo iliyozua yote kundini. Kabla Rahabu hajafungua kinywa, Mwalimu Calist akakohoa.

"Mwenyekiti, naomba nisaidie hapo. Mimi Kiingereza nakifundisha mwaka wa ishirini na tatu. Hiyo sentensi simu imeikosea. Neno lenyewe linaweza kumaanisha kwamba mhubiri amejificha kwa Mungu. Amekimbilia kwake. Amepata hifadhi." Akamtazama Rahabu moja kwa moja, macho yamemtoka. "Si ndivyo ulivyokusudia?"

Rahabu alijua kwamba mwalimu wake anasema uongo, na kwamba anausema kwa ajili yake, kwa sababu ya aibu ya kosa lake mwenyewe. Angeitikia tu. Neno moja, ndivyo, na wangesali, wangekunywa chai, na baba yake Jumapili ijayo angepanda mimbarani. Hakuna mwingine pale aliyejua Kiingereza cha kutosha kumpinga.

Akamtazama baba yake. Ezekieli alikuwa anamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ulionyesha kitu. Alionekana kama mtu anayeumwa jino.

"Rahabu," akasema, "soma kama ulivyoandika."

"Baba…"

"Soma, mwanangu."

Akasoma. "Mhubiri anajificha ndani ya sarufi ili Mungu asimwone."

Calist akaweka kalamu chini. Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mmoja akasema haya ndiyo matokeo ya kusomesha mabinti mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mwingine akataka mchungaji aitwe kutoka mjini leoleo. Melkizedeki akagonga meza kwa kiganja mara tatu.

"Mwinjilisti! Umesikia mwenyewe. Mtoto wako anasema ulisimama kwenye kaburi la mwanao ukiwa umemkana Mungu. Una la kusema?"

Ezekieli akasimama. Alichukua muda mrefu kusimama.

"Vitenzi amevihesabu sawa," akasema. "Sikujua kama kuna mtu atavihesabu. Lakini hapo mwisho amekosea. Sikumkana Mungu. Niliogopa kumsingizia."

"Kumsingizia vipi?"

Ezekieli alitazama sakafu, kisha akageuka, akawapa wazee mgongo, akaelekea upande wa mlango alipokaa mkewe.

"Felista, wewe ulikuwa Mandewa kwa dada yako, kumwona mtoto mchanga. Uliporudi nilikuambia Benson alishuka kisimani mwenyewe, sisi tukiwa bado tumelala. Watu wote hapa niliwaambia hivyo. Hakushuka mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Aliniambia, baba, ukuta unatoa maji pembeni, tusubiri ukauke. Zilibaki futi chache kufika kwenye maji. Mimi nilitaka tumalize. Nikamwambia, unaogopa nini, shuka, Mungu yupo."

Mwalimu Calist akafunga daftari polepole.

"Akashuka," Ezekieli akasema. "Kwa hiyo asubuhi ile Mungu nilishamtumia mara moja. Kesho yake kaburini sikuweza kumtumia tena. Ningesema Mungu amemchukua, wakati aliyemtuma chini ni mimi? Nikatafuta maneno ambayo hayana mtu ndani yake. Huyu binti ameyaona. Alidhani aliyefichwa ni Mungu. Aliyefichwa ni mimi."

Felista aliinuka. Rahabu alidhani atapiga kelele, lakini hakupiga. Alisema sentensi moja kwa Kinyaturu, kwa sauti ndogo, akimwita mumewe kwa jina lake tupu, kitu ambacho Rahabu hakuwahi kumsikia akifanya. Kisha akafungua mlango, akatoka kwenye upepo, na wakamwona kupitia dirishani akikatiza uwanja wa kanisa bila viatu. Viatu vyake vilibaki chini ya benchi.

Rahabu akaviokota. Ndicho kitu pekee alichoweza kufikiri kufanya.

Baraza halikuwa na la kuamua tena. Melkizedeki, aliyekuwa amejiandaa kwa shauri la imani, alikaa akisugua paji la uso. Mwishowe aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Unataka tufanyeje, Ezekieli?"

"Niondoeni mimbarani."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Wakaandika miezi sita, na kwamba mchungaji ataarifiwa. Mwalimu Calist ndiye aliyeandika, na mwandiko wake, Rahabu aliuona baadaye, ulikuwa umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Nyumbani siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Felista alihamia chumba cha Rahabu. Alipika, akapakua, akamwekea mumewe chakula mezani bila kumwambia karibu. Majirani waliokuja kusalimia walikaa dakika mbili na kuaga. Siku ya nne Rahabu hakuweza tena kuvumilia.

"Mama, ni mimi niliyesababisha. Ningekubali alichosema Mwalimu Calist…"

"Ningebaki naambiwa mwanangu alikuwa mkaidi," Felista akamkatiza. "Mwaka mzima na nusu nimemkasirikia Benson. Unajua? Nilimkasirikia marehemu. Kwa nini ashuke peke yake, kwa nini asingoje wenzake. Nilikuwa nakwenda kaburini namgombeza." Akafunika uso kwa kitenge, mabega yakamtikisika. Rahabu akamshika. Walikaa hivyo mpaka moto ukafifia na maharage yakapoa.

Jumamosi Rahabu alimpigia Dakta Eliana, akamwambia insha ina kosa na anaomba iondolewe kwenye ukurasa wa chuo.

"Kosa la aina gani?" mhadhiri akauliza. "Ushahidi wako ni mzuri."

"Ushahidi ni mzuri, dakta. Nilichohitimisha ndicho kibaya. Niliona mtu ameficha jina la mtendaji, nikadhani najua ni jina la nani. Sikwenda kumuuliza. Alikuwa baba yangu, nilikuwa na namba yake ya simu, na sikumuuliza."

Dakta Eliana akasema ataiondoa siku hiyohiyo, na kwamba kama Rahabu anataka kuiandika upya atampa mpaka Oktoba. Kama hataki, alama yake haitaguswa.

Rahabu akaomba muda. Alikwenda shambani, ambako baba yake alikuwa anakata mabua ya alizeti peke yake, akamweleza yote. Ezekieli aliendelea kukata mstari mzima kabla hajasimama.

"Ukiandika upya, utaweka la kisima?"

"Usipotaka sitaweka."

"Mama yako umemuuliza?"

"Bado."

"Kamuulize yeye kwanza. Mtoto ni wake pia." Akafuta jasho kwa mkono wa shati. "Halafu, Rahabu. Wewe unakaa na vitabu, utanisaidia. Nikirudi kuhubiri, kama nitarudi, nikiwa mbele ya mama aliyefiwa, niseme nini?"

Alitafuta jibu. Alikuwa amesoma mashairi mengi ya maombolezo kwa Kiingereza, na maelezo marefu ya wanateolojia juu ya mateso, na alikuwa amefaulu mitihani ya masomo yote mawili. Alisimama pale katikati ya mabua, upepo ukimpiga vumbi usoni, na hakupata.

"Sijui, baba."

Ezekieli aliitikia kwa kichwa taratibu, akampa panga la pili, na wakaanza mstari mwingine, baba upande huu na binti upande ule.