Kitufe cha Kushoto

Likizo ya msiba ilipokwisha, fundi wa kompyuta wa shirika la maji alirudi kazini akakuta amehamishiwa meza ya marehemu mume wake. Walikuwa mafundi wawili katika chumba kimoja, na sasa meneja alitaka mtu mmoja abebe kazi za wote. Alifuta vumbi kwenye kibodi, akawasha kompyuta, akafungua terminali, lile dirisha jeusi ambamo mafundi huiandikia seva amri zao.

Vidole vyake vikapotea papo hapo. Mume wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Kimya, alikuwa amepanga njia za mkato za vitufe anavyojua mwenyewe. Mke alipobonyeza vitufe vya kunakili, dirisha likafungwa. Alipotaka kurudi mwanzo wa mstari, mstari wote ukafutika. Miaka yote waliyolala kitanda kimoja hawakuwahi kuchangia kibodi. Basi akaingia kwenye mipangilio, akaanza upya.

Alianza na Alt ya kushoto. Ni kitufe ambacho kikiwa peke yake hakiandiki kitu. Ukikishikilia, vitufe vingine vinabadilika maana. Alikichagua, akakishikilia, akawa anawaza akioanishe na herufi gani. Kimya alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, na shati lake la buluu, mguu juu ya mguu.

"Herufi yoyote, ila F usiiguse," alisema. "F inaruka neno moja mbele. Utaihitaji."

"Ungeniambia mapema."

"Hukuuliza."

Akaachia kitufe ili aandike, kiti kikawa kitupu. Akakishikilia tena, Kimya akawepo. Akaona jinsi kinavyofanya kazi, akaendelea kupanga zilizobaki kwa mkono mmoja.

Wiki ile kazi zilienda polepole. Mchana binti yao alipitia ofisini akitoka shule, akavuta kigoda, akashikilia kitufe kwa kidole gumba huku baba yake akimsahihishia hesabu. Kidole kikichoka, walipokezana na mama. Hawakuzungumza mambo makubwa. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, na Kimya alieleza spana iko wapi.

"Na kifua?" mke aliuliza siku moja.

"Hakiumi tena."

Kifua hicho ndicho kilichomuua. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kupimwa, meneja akamwambia amalize kwanza kuhamisha mfumo wa bili. Aliomba tena, akajibiwa vilevile. Akaanguka mezani hapo, mfumo ukiwa umefika nusu. Mazishini meneja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu asiyejua kuchoka.

Meneja aliingia chumbani siku ya Alhamisi kutafuta chaja. Akamwona Kimya kitini.

"Habari za siku nyingi," alisema.

"Nzuri, bosi."

"Ule mfumo uliishia wapi?"

"Nusu."

Meneja akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. "Basi uendelee. Umetukwamisha sana."

"Bosi, huyu ni marehemu," mke alisema.

"Najua, dada. Si nilikuwepo?"

Akamwagiza aweke ile mipangilio ambayo kitufe ukikibonyeza mara moja kinabaki kimeshikiliwa, mtu asipoteze kidole. Mke ndiye aliyekuwa fundi, na karo ya mtoto ilitoka humo humo, kwa hiyo akaiweka. Alijipa moyo kwamba angalau atashinda naye kutwa. Ikawa hivyo, lakini Kimya alishinda ameukabili ukuta uliopangwa seva, na ukimsemesha alijibu "subiri kidogo" mpaka saa ya kufunga.

Mfumo wa bili ulipohama, meneja alifurahi, akaamuru mipangilio hiyo isambazwe kwenye matawi yote. Tangu hapo mke alibonyeza kitufe, kiti kikabaki kitupu. Tawi fulani lilikuwa limemshikilia. Binti alikaa na kidole chake pale mpaka kikafa ganzi.

"Mama, waambie wamwachie."

Mama akaenda ofisini kwa meneja, akaomba marehemu apewe likizo. Meneja alimsikiliza vizuri, hata soda alimwagizia.

"Likizo aliyokuwa akiomba ilikuwa ya ugonjwa, dada," alisema. "Na yeye haumwi tena. Nitaandika sababu gani?"

Ijumaa jioni, matawi yalipofunga, kitufe kilimleta. Alikuwa amekunja mikono ya shati na macho yamemwiva. Alikaa kitini kwa uzito, kama mtu anayetua mzigo. Binti akapanda mapajani mwake ingawa alikuwa mkubwa kwa mapaja.

"Naweza kuifuta mipangilio hii," mke alisema. "Hapa ndipo inapotoka kwenda kote. Nikiifuta, hawatakuita. Na sisi hatutakuita."

Kimya alimtazama mtoto, akamtengeneza kola.

"Futa," alisema. "Nimechoka, mke wangu."

Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulitamka akiwa hai. Wakakaa hadi mlinzi alipogonga. Kisha mke akaandika amri, akaihakiki mara mbili kama alivyofundishwa kazini, akabonyeza. Binti akajikuta amekaa kwenye kiti kitupu. Walitoka wameshikana mikono, na nyumbani walilia pamoja mpaka usingizi ukawachukua. Jumamosi na Jumapili walipumua. Mtoto alisema baba sasa amelala, na mama akakubali.

Ila jioni ile ya Ijumaa tawi moja lilikuwa limekatikiwa umeme. Amri ya kufuta haikulifikia. Jumatatu alfajiri meneja aliona mipangilio haipo, akalipigia simu, likairudisha kwa wote.

Mke alipofungua mlango wa ofisi, Kimya alikuwa tayari amekaa, mgongo kwake, mistari ikipanda kwenye dirisha jeusi.

"Umeamkaje?" alisema bila kugeuka.

"Salama. Wewe ulilala?"

"Kidogo."

Akaweka mkoba chini, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Bega lilikuwa la moto, kama la mtu aliyefanya kazi muda mrefu. Simu ya mezani ikaita. Lilikuwa tawi lingine, wanauliza kama wanaweza kumpata saa nne.