Wanawake Waliolala Ukumbini

Nilipofungua mlango wa ukumbi wa kanisa niliona wanawake wamelala chini safu mbili, chali, viganja juu, kila mmoja amefunikwa leso mpaka kidevuni. Hakuna aliyekohoa. Binti yangu Ndanu, niliyetoka kijijini kuja kumwona, alikuwa upande wa dirisha.

Mimi nimeona watu wamelazwa hivyo. Mwaka uliotangulia, 2004, mahindi yenye ukungu yaliua watu huku kwetu Ukambani, na mke wangu Syokimau akawa mmoja wao. Nilimkuta kwenye sakafu ya hospitali, katikati ya wengine, amefunikwa leso yake mwenyewe. Wakubwa walifika kwetu Katangi na magari na vipaza sauti kutuambia tusile yale mahindi, sisi ndio tunatoka kumzika. Tangu siku hiyo mtu mwenye cheo akiniambia kumekucha, natoka nje kuangalia.

Kwa hivyo sikuuliza kitu. Nilipiga nduru, nikakimbia katikati ya wale wanawake, nikakanyaga mkono wa mtu, nikamshika Ndanu makwapani nikamvuta juu kwa nguvu zangu zote, vile mtu anang'oa kisiki.

Akafungua macho.

"Tata," akasema, "unanipeleka wapi?"

Yuko hai. Nikabaki nimemshika. Halafu nikashtuka mara ya pili, na mshtuko huu ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, maana huu nimejiletea mwenyewe. Mgongo wake.

Ndanu ni fundi wa nguo hapa Machakos mjini. Anashona yunifomu kutwa nzima ameinamia cherehani, na mgongo ukaharibika. Miaka miwili alikuwa akija kwa mwalimu Nyakio kufanya yoga. Ilimsaidia, siwezi kudanganya. Alianza kupata usingizi, akaweza kuinama mpaka viganja vikalala chini. Lakini akiinua tu mtungi wa maji, kiuno kinajifunga. Mara ya mwisho alilala kitandani wiki nzima, na mwenye duka akamwambia ikirudia atatafuta fundi mwingine. Sasa mimi nimemnyakua kama gunia.

"Usisogee," nikamwambia. "Umeumia wapi?"

"Siumwi mahali."

"Usinifiche, mtoto."

Akajitoa mikononi mwangu, akaketi, akasimama bila kushika ukuta. Akainama, akainuka. Niliangalia uso wake nikingoja ukunjike. Haukukunjika.

Mwalimu Nyakio, mama mfupi aliyehamia hapa na mumewe kutoka Nyeri, alikuwa anajaribu asicheke. "Mzee, huo mtihani wako ni mgumu kuliko wangu."

"Mtihani gani? Umewalaza watoto wa watu kama maiti."

"Hiyo ni mwisho wa yoga, tunapumzika. Kabla ya hapo wametoka jasho. Tangu Krismasi nimewaongezea Pilates."

Nikamwangalia Ndanu anieleze kwa lugha ya watu.

"Yoga ilinifungua, tata. Viungo vikalegea, pumzi ikatulia. Lakini nilikuwa kama kola haina kile kitambaa kigumu cha ndani. Inakunjika vizuri, kusimama haisimami. Hii Pilates ni ya kukaza ndani. Unalala chali, unavuta kitovu kama unataka kiguse mgongo, unainua mguu mmoja polepole, na kiuno hakitikisiki. Ni kitu kidogo na kinachoma kama pilipili. Uliponivuta, tumbo lilijishika lenyewe kabla sijajua ni wewe."

"Na mkono wangu aliokanyaga," akasema mama mmoja, "huo utashikwa na tumbo gani?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Hapo ndipo Urbanus akaingia. Huyu ndiye mwenyekiti wa kanisa, na kufuli ya ukumbi alikuja nayo mkononi.

"Nduru nimesikia mpaka ofisini," akasema. "Nilisema tangu mwanzo haya mambo ya kulalalala chini ni ya mashetani, mkaniona mshamba. Sasa Mungu ameleta shahidi." Akanigeukia kwa heshima. "Mzee, sema mbele yao. Umeona nini?"

Ndanu aliangalia ile kufuli, na nilijua anachohesabu: ukumbi ukifungwa, mgongo utarudi, na mgongo ukirudi kazi imeenda.

Tangu Syokimau afariki sijawahi kuulizwa na mkubwa yeyote niliona nini. Nilikuwa nimelingoja swali hilo. Sasa limekuja kwa mtu huyu, na jibu la kweli ndilo analolitaka.

"Sijaona kitu, mwenyekiti," nikasema. "Nimelewa."

"Umelewa? Saa tatu asubuhi?"

"Nilianza mapema."

"Tata, wewe hata haujawahi..." akaanza Ndanu.

"Nyamaza. Unamwonea aibu baba yako?"

Urbanus akanisogelea akaninusa. "Mbona haunuki?"

"Hii ya siku hizi haina harufu. Waulize wakubwa wenzako, wanaijua."

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Urbanus akanishika mkono wa koti akanitoa nje, akanipitisha uwanjani mbele ya watu waliokuwa wanaenda sokoni, na wengine walikuwa wa Katangi, wananijua. Mmoja alivua kofia kunisalimu, akairudisha. Kwa vile alinishika kwa mikono miwili, kufuli alikuwa ameitia mfukoni.

"Mzee mzima," akaniambia pale kwa geti. "Jumamosi uje umwone padre, utubu huo ulevi."

"Jumamosi siwezi," nikamwambia. "Nitakuwa bado nimelewa."