Pilipili za Marehemu

Baba yangu alikuza pilipili kwenye mikebe ya rangi, kwenye veranda yetu ya ghorofa ya nne, mtaa wa Baba Dogo. Alipokufa Februari, mama aligawa nguo zake na mikebe ikatupwa isipokuwa mmoja. Mimi nikabaki na mkebe huo na mbegu kumi na moja ndani ya bahasha. Tatu ziliota, mbili zikanyauka, moja ikakubali kuishi.

Niliikuza kwenye kivungulio cha chuo, lile banda refu la nailoni nyuma ya maabara ambako sisi wanafunzi wa kilimo tunafanyia majaribio. Nyumbani kulijaa wageni na pole zao zisizoisha. Ndani ya kivungulio kulikuwa na joto, harufu ya udongo uliolowa, na maji yanayodondoka kutoka kwenye mipira ya kumwagilia. Huko nililia nilivyotaka, na nikitoka nilikuwa nimepata nguvu ya siku nzima.

Mtu pekee niliyemruhusu kuketi nami humo alikuwa Kate, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza. Alikuja na mandazi, akageuza ndoo, akakaa, akasikiliza. Nilimweleza yote: kwamba baba alizimwagilia pilipili zake maji ya kuoshea mchele, kwamba alizisalimia kabla ya kwenda shifti ya asubuhi, kwamba hospitalini aliziulizia kabla ya kuniulizia mimi. Kate alinishika mkono akalia nami. Nani hangemwamini?

Basi asubuhi ya maonyesho ya idara nikakuta mkebe haupo. Mshindi angepelekwa Naivasha kwa mafunzo ya mwaka mzima, lakini mimi sikuwa nimejiandikisha. Sikutaka baba ashindanishwe. Mkebe niliupata ukumbini, kwenye meza ya Kate, na kadi mbele yake: Mbegu alizoniachia marehemu baba yangu.

Niliisoma mara mbili. Baba yake Kate, Mzee Ng'ang'a, ni mzima wa afya. Anauza spea za magari Makadara, na kila nikipita hapo huninunulia soda na kuniita msichana wangu.

"Mideva, wacha kuniangalia hivyo," Kate akaninong'oneza. "We hukuwa unaitumia. Majaji wanapenda stori, na hiyo yako ni noma. Si ni maneno tu?"

"Ni baba yangu, Kate."

"Tutaongea baadaye. Plizi, usiniharibie."

Nilitoka nje kwa hasira. Ningeweza kumwambia mwalimu. Ningeweza kuubeba mkebe wangu nikaenda zangu. Badala yake nilimpigia Mzee Ng'ang'a simu.

"Baba Kate, leo binti yako anaonyesha kazi yake. Saa nane. Usikose."

Alifunga duka. Alikuja na suti ya kanisani, viatu vinang'aa, na keki ndani ya boksi. Akanishukuru sana kwa kumkumbuka, maana Kate hakuwa amemwambia kitu. Nikamsimamisha nyuma ya majaji.

"Alizisalimia kabla ya kwenda kazini," Kate alikuwa akisema, machozi yakimlengalenga. "Na pale hospitalini, kabla hajatuacha, aliziulizia kabla ya kuniulizia mimi."

Neno kwa neno. Hata kile kikohozi changu cha kuzuia kilio alikuwa amekichukua. Jaji mmoja akavua miwani akafuta macho.

Mzee Ng'ang'a akanigeukia. "Anasema nani amekufa?"

Kate akainua macho, akamwona baba yake, na sauti ikamkatika.

Saa hiyo ndiyo niliyokuwa nimeingojea. Nilitaka kumtazama Kate akiaibika, lakini macho yangu yalibaki kwa Mzee. Kwa watu wa rika lake, mtoto kukutangaza marehemu ukiwa hai si mzaha, ni laana. Midomo ilimcheza. Hakupiga kelele. Aliliweka boksi la keki mezani, akaisoma ile kadi akiifuata kwa kidole.

"Baba yako ndiye alikuwa na pilipili," akaniambia. "Uliniambia pale dukani. Chukua mkebe wako."

Nikauchukua. Alinifuata hadi mlangoni, akasimama.

"Ulijua atasema hivyo?"

"Ndiyo, Baba Kate."

"Na ukaniita nije nisikie."

Hakungoja nijitetee. Alishuka ngazi akishikilia ukuta, na hakuniita msichana wake.

Niliurudisha mkebe kwenye kivungulio, nikaketi juu ya ndoo ya Kate. Maji yalidondoka vilevile, joto ni lilelile. Nikaanza kumsimulia baba jinsi Kate alivyonitenda. Nilipofika pale Mzee alipofunga duka akavaa suti, nilishindwa kuendelea.