Kiatu cha Mkunga

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nakiri mapema ili usijisumbue kumtafuta kati ya wengine, maana wengine wote walikuja na akili zao.

Nilikuwa nimevaa suti ya shemeji, kaka wa mke wangu, mtu mwembamba kama kamba ya kiatu. Koti lilikubali. Suruali ilikubali kwa masharti: nisimame wima, nikae kwa adabu, nisiiname. Mke wangu alinizunguka mara mbili, akaguna.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema. "Na hii yako hata haijajaribu."

"Wewe niombee dua tu."

"Nitakuombea. Na suruali nayo nitaiombea."

Nilikuwa naenda kwenye usaili. Karakana moja inayotengeneza viatu vya watu wenye miguu isiyolingana ilikuwa inatafuta fundi mkuu. Mimi nilikuwa nimeshona viatu barazani kwa mjomba miaka tisa, na mjomba si mtu wa kusifu, lakini aliwahi kumwambia mteja, "Mpe huyu, ana mkono." Kwa hiyo kazi naijua. Kilichonitia wazimu ni binti yangu. Mwezi uliotangulia aliniomba nimwache kwenye kona, kabla hatujafika geti la shule. Hakutoa sababu. Alitazama tu vidole vyangu, gundi imeganda kwenye kucha, kisha akatazama viatu vyake, ambavyo nilivishona kwa vidole hivyohivyo. Tangu asubuhi ile nilitaka kuwa mtu mwingine, yeyote yule, mradi awe na meza.

Mkuu wa karakana alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Kando yake alikaa mkunga mstaafu, mguu wake wa kushoto mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Mtihani wenyewe haukuwa na mafumbo. Kila mwombaji alipewa mteja wake mmoja; wangu alikuwa huyo mkunga. Ampime leo, amletee kiatu baada ya wiki. Kiatu kikimtembeza mteja, fundi naye ana nafasi.

"Viatu vinne vimeshaniumiza," mkunga akaniambia. "Hiki cha tano nataka kwenda nacho kwa wajukuu zangu. Wanakaa ng'ambo ya uwanja tu pale, lakini kwangu mimi ni kama safari ya kuombewa ruhusa."

Sasa sikiliza. Barazani, kitu cha kwanza mjomba alichonifundisha, kabla hata ya kushika sindano, ni kupiga magoti. Mteja unamsimamisha juu ya karatasi, aushushe uzito wake wote, na wewe uko chini unazungusha penseli kando ya mguu. "Mguu uliokaa ni mwongo," mjomba husema. "Hauna cha kubeba, basi unajifanya mwembamba." Mguu ukibeba mtu, unatanuka, unyayo unashuka, na hapo ndipo ukubwa wa kiatu unapoamuliwa. Hilo hata paka wa barazani analijua.

Mimi nikamwacha amekaa. Suruali ilichangia, sikatai, lakini hata ningevaa shuka nisingepiga magoti siku ile. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba fundi mkuu hapigi magoti. Nikauweka mguu wake juu ya kigoda, nikauzungushia futi ya kamba kwa ncha za vidole, huku nikimwaga maneno niliyoyakariri usiku: uwiano, mhimili, mgawanyo wa uzito.

"Mwanangu, hunisimamishi?"

"Mama, hayo mambo ya kizamani. Siku hizi tunakwenda kwa hesabu."

"Haya," akasema. Nadhani ndiyo "haya" aliyokuwa akiwaambia wajawazito waliokataa kusukuma.

Kiatu nilikishona kwa siku tano. Ngozi ya kahawia, soli niliyoipandisha kwa tabaka za mpira mwepesi, mishono midogo kama chawa waliopanga foleni. Kwa uzuri, kiatu kile ungekiposa.

Ijumaa nikarudi nacho, nimevaa suti ileile ya shemeji. Mkunga akakivaa akiwa amekaa, akatabasamu. Akasimama. Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaondoka. Alitakiwa kutembea hadi getini na kurudi. Kwenda, alikwenda. Kurudi, alirudi ameshika ukuta. Alipokivua, soksi ilikuwa na doa la damu kwenye kidole cha mwisho.

"Ngozi mpya hubana," nikasema upesi. "Italegea."

"Ulimpima amesimama?" Mkuu akauliza.

"Labda mguu umevimba. Umri nao, na joto hili..."

"Mguu wangu," mkunga akasema taratibu, "umri wake ni uleule wa wiki iliyopita."

Mkuu akavaa miwani, akakigeuza kiatu. Kisha akaniambia nafasi imepata mtu, fundi aliyekuja juzi; mteja wake alitoka pale akitembea, kiatu cha zamani amekibeba mkononi. Alisema bila hasira, kama anayesoma ratiba.

Mimi nilikuwa naitazama ile soksi. Doa lenyewe dogo, punje ya mtama tu. Lakini miaka tisa barazani, na gundi yangu kwenye kucha, sikuwahi kumtoa mtu damu.

Nikavua koti. Nikaomba karatasi na penseli.

"Mama, simama tafadhali."

Nikapiga magoti. Suruali ya shemeji ikapasuka kwa kishindo ambacho barazani kingetuchekesha hadi jioni. Pale hakucheka mtu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaendelea kuzungusha penseli. Nilipopima, mstari ulipita nje ya hesabu zangu kwa unene wa penseli yenyewe. Unene wa penseli! Kwa kiatu, hiyo ni jela.

"Mkuu, unaona?" nikasema nikiwa kulekule chini. "Nipe wiki moja nyingine."

"Nafasi imeshapata mtu, nimekwambia."

"Lakini kazi naijua! Nimeshona miaka tisa kwa mjomba."

"Kwenye fomu hakuna mjomba. Umeandika 'mshauri wa mavazi ya miguu'."

"Ningeandika barazani, mngeniita?"

"Huyo niliyemchukua anashona sokoni, chini ya mwavuli uliotoboka. Aliandika hivyohivyo, mpaka na tundu."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikamgeukia mkunga. Alikuwa bado amesimama juu ya karatasi, mkono mmoja kwenye bega langu asije akaanguka.

"Mama, wewe si umeona kwa macho yako? Nisemee basi. Mwambie Mkuu mimi ni fundi wa kweli."

Mkunga akaniangalia kutoka juu, bila kuuondoa mkono.

"Fundi wa kweli," akasema, "sasa hivi angekuwa ananiuliza nije lini kujaribu kiatu kingine."