Zulia Lililokwenda Mkutanoni

Fundi Yadollah alilitundika zulia mlangoni mwa duka ili lipigwe na upepo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza. Duka lake lilikuwa katika kichochoro cha mafundi, ndani ya soko kuu la Tehran, na kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya mazulia ya watu. Lakini zulia lile halikuwa la mteja. Mkewe, Golandam, alilifuma kwa miaka sita, akakata uzi wa mwisho, na miezi mitatu baadaye homa ya chawa ikamchukua. Alilifuma kwa ajili ya binti yao, Mahrokh, aende nalo kwa mumewe. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Isingeweza kungoja zaidi, kwa sababu Muharram ulikuwa karibu kuandama, na kwa Mashia hakuna aolewaye katika miezi ya maombolezo.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 1943. Majeshi ya kigeni yalikuwa na mwaka wa tatu nchini. Treni zao zilipita usiku na mchana zikipeleka silaha kaskazini za kumpiga Mjerumani, na wenye mji walijipanga tangu alfajiri kungojea mkate mweusi uliojaa mchanga. Sasa kulikuwa na tetesi kwamba wakubwa watatu wa vita wanakuja kukutana hapo hapo Tehran.

Ofisa mmoja wa kigeni aliingia kichochoroni pamoja na mkalimani wake, Bahador, mzaliwa wa mji, ambaye marehemu baba yake alikuwa akishona kofia hatua ishirini tu kutoka pale. Walikuwa wakitafuta mazulia ya kutandika vyumba vya wageni ubalozini. Ofisa alipofika mbele ya zulia la Golandam alisimama, akavua glavu, akapitisha kiganja juu ya maua yake.

"Anasema tangu azaliwe hajaona zulia kama hili," Bahador alitafsiri.

"Si kitu mbele yake," alisema Yadollah, mkono kifuani. "Ni lake. Alichukue."

Ndivyo asemavyo kila mtu Tehran kitu chake kikisifiwa. Naye anayesifu hujibu, "Kinampendeza mwenyewe," chai ikaletwa, mambo yakaishia hapo. Ofisa hakulijua jibu hilo. Uso ulimng'aa, akauliza jambo.

"Anauliza kama ni kweli," alisema Bahador, macho chini.

Hapo palikuwa na nafasi ya kujiokoa. Lakini mafundi wa kichochoro kizima walikuwa wametoa vichwa nje, na Yadollah hakuwa mtu wa kutoa neno asubuhi akalimeza adhuhuri.

"Mwambie ni kweli. Asipolichukua nitaona amenidharau."

Alikuwa akimtegemea Bahador, mtoto wa mjini, atie maneno ya busara katikati. Bahador alitafsiri neno kwa neno. Askari wawili wakalikunja zulia, wakalitia begani, wakaenda zao.

"Hongera, Fundi," alisema Rajab, mwenye mgahawa wa chai wa jirani. "Na wewe umeingia vitani."

"Nyamaza, Rajab."

"Sinyamazi! Wenzako wananyang'anywa, wewe unawabembeleza wakunyang'anye!"

Jioni Yadollah alimweleza binti yake. Mahrokh alikuwa akichambua dengu. Mikono yake ilisimama.

"Litarudi," baba alisema. "Ni la mkutano tu. Mkutano ukiisha, litarudi."

"Walisema hivyo?"

"Wakubwa kama wale hawaondoki na zulia la fundi."

Barabara za balozi zikafungwa siku nne. Zilipofunguliwa, wakubwa walikuwa wameshaondoka, na siku chache baadaye gazeti likaja na habari zao. Yadollah alilisoma kwa sauti mgahawani, maana Rajab hakujua kusoma. Wamekubaliana namna ya kumpiga Mjerumani kutoka mashariki, magharibi na kusini. Wanautambua msaada wa Iran. Wanaheshimu uhuru wake. Watausaidia uchumi wake kadiri vita itakavyoruhusu.

"Maana yake nini?" aliuliza Rajab.

"Maana yake ahsante."

"Na mkate?"

"Kadiri vita itakavyoruhusu."

Rajab alicheka bila furaha. "Kumbe wamejifunza adabu zetu. Chukua, ni chako! Na wewe ole wako unyooshe mkono."

Yadollah hakucheka. Alivaa koti, akaenda kwenye lango la ubalozi, akasimama kwenye baridi mpaka Bahador alipotoka na bahasha.

"Zulia limesafiri, Fundi. Lilipakiwa na mizigo yao. Wamekuandikia barua ya shukrani kwa zawadi yako."

"Bahador, umekulia kichochoroni kwetu. Ulijua."

"Nilijua, baba. Lakini wewe mwenyewe uliulizwa, ukarudia. Mimi ni nani nikukanushe mbele ya mgeni?"

Yadollah aliitia barua kotini, akarudi nyumbani.

Juma lililofuata, mama wa bwana harusi, Bi Ezzat, alikuja na dada zake wawili kutazama vyombo vya bibi harusi. Mahrokh alikuwa amepanga sufuria za shaba, samovari ya kuchemshia chai, mablanketi na kioo. Bi Ezzat alisifu kila kimoja, kisha macho yake yakatua kwenye sakafu tupu. Yadollah akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Zulia ni nini, Fundi?" alisema Bi Ezzat. "Wallahi sisi tunamtaka Mahrokh. Hata aje na nguo aliyovaa."

Yadollah alijua anachopaswa kujibu. Hapana bibi, haiwezekani, nitatafuta jingine. Bi Ezzat angekataa tena, naye angeapa tena, mpaka ahadi ya zulia jipya ikae katikati yao. Lakini zulia jipya hakuwa nalo, na moyo wake ulikuwa umechacha.

"Ahsante, bibi," alisema. "Nimekubali."

Gilasi ya chai ilibaki hewani mkononi mwa Bi Ezzat. Dada zake wakatazamana.

"Naam," alisema hatimaye. "Bila shaka."

Kesho yake asubuhi mshenga alikuja, hakuketi. Muharram umekaribia mno, alisema, na kijana ana safari. Ingekuwa vyema pete irudi kwanza, Mungu akipenda mwakani. Mahrokh aliivua, akampa, akafunga mlango.

"Baba," alisema, bado amekabili mlango, "yule mgeni hakujua."

"Hakujua."

"Wewe kwa Bi Ezzat ulijua."

Mahrokh alikwenda rafuni akaitoa ile barua. Karatasi yake ilikuwa nzito, nzuri, yenye muhuri. Aliikunja mara nne, akaipachika chini ya mguu wa samovari uliokuwa ukiyumba, akaanza kupika chai.