Miti ya Shimo la Saba

Baba yao aliuchora ule uwanja wa gofu kwa kuifuata miti. Njia ya shimo la saba ilipinda kushoto, ikapenya katikati ya mashina makubwa, ndipo mchezaji akaiona bendera. Alipofariki, kaka mtu alibaki kutunza nyasi. Dada mtu, aliyesomea kuchora viwanja kama baba, akaitwa na klabu ainyooshe njia ile. Wachezaji walikuwa wamechoka kupoteza mipira.

Asubuhi hiyo alifika na mkata miti, bwana mnene mcheshi aliyeitwa Msumeno. Kaka alikuwa amesimama chini ya mti wa kwanza, fimbo ya gofu mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Kaa nayo. Mwambie huyo aondoke."

"Bosi, mimi nimeitwa tu," Msumeno alicheka. "Mgomvi wako si mimi."

Alipoinama kuwasha mashine, kaka akampiga. Fimbo ilitua begani, mfupa ukalia kama kuni kavu. Pigo la pili lilimpasua kichwa, damu ikamjaa machoni. Kaka akainua tena, safari hii kwa mikono miwili.

"Kaka! Utaua!"

Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Dada akanyakua koleo garini, akampiga kaka yake wa tumbo moja. Kiwiko kikavunjika, fimbo ikaanguka. Kaka akageuka, akamtazama kwa mshangao. Dada akampiga tena, ya goti, kisha za mbavu, hata alipokuwa chini akiomba basi. Pigo la kwanza lilimwokoa mtu. Yale mengine yalikuwa ya kulipiza makofi aliyompiga utotoni, na mwenyewe alijua.

Msumeno alipona, ila mkono wake haukupanda tena juu ya kifua. Kaka alifungwa. Miti ikakatwa na watu wengine.

"Umemvunja mwenzio kwa ajili ya mtu baki," mama alimwambia dada.

"Angemuua, mama."

"Najua. Na wewe je, ungeachia wapi?"

Jumapili dada akaenda gerezani. Kaka alikuja akichechemea, akaketi upande wa pili wa wavu.

"Wameikata?"

"Wameikata."

Kaka akamtemea mate usoni. Dada akajifuta kwa kiganja, akabaki palepale kitini mpaka askari alipowaambia muda umekwisha.